Kompyuta ilifutwa mara mbili, virusi vikarudi: kisa cha nyumba moja ya Bel-Air, Lubumbashi

Nyumba yenyewe iko Bel-Air, komini ya Kampemba. Anaishi humo mama anayeuza vitenge kwa jumla, mumewe ambaye kazi humweka Kolwezi siku nyingi za juma, na watoto watatu. Wa kwanza yuko mwaka wa mwisho wa chuo kikuu na anaandika memwari, yaani tasnifu ya kumaliza chuo. Intaneti inaingia kwa ruta moja ya 4G yenye laini ya simu ndani yake, ile ambayo wengi mjini huita modemu tu. Kompyuta ni mbili: ya mezani ya mama, yenye ankara na madeni ya wateja, na laptopu ya mwanafunzi. Ongeza simu nne, televisheni, printa na kamera ya getini. Vyombo tisa.

Malalamiko yalianza kwa mega, yaani data ya intaneti. Kifurushi cha GB 30 kilichozoea kufika mwisho wa mwezi kiliisha siku ya tisa, na kilichofuata nacho hakikuvuka siku ya kumi. Kisha kurasa za kamari zikaanza kujifungua zenyewe kwenye simu. Kisha wateja wa mama wakaanza kupiga: akaunti yake ya Facebook ilikuwa ikiwaomba pesa za haraka, zitumwe kwenye namba ambayo si yake. Mwanafunzi akafanya ambalo vijana wengi wenye mwanga wa kompyuta wangefanya, akafuta laptopu yote na kuweka Windows upya. "Mama, nilisha kuformater, sasa iko propre." Siku mbili baadaye kamari ikarudi. Akafuta tena, ikarudi tena.

Kijana hakukosea kufuta laptopu. Alikosea kudhani kwamba ugonjwa uko ndani ya laptopu peke yake. Milango minne ilibaki wazi kila alipomaliza kusafisha: flashi, kompyuta ya mama, ruta, na akaunti ya kivinjari. Ukifunga mitatu na kuacha mmoja, baada ya siku chache uko ulipoanzia.

Flashi iliyotoka kuchapishia

Aliyesoma Lubumbashi anaijua safari hii. Unaandika nyumbani, unabeba flashi hadi sekretariati, duka la kuchapisha, karibu na chuo, kompyuta ya pale inaipokea baada ya kupokea flashi za watu kadhaa tangu asubuhi, kurasa zinatoka, unalipa, unarudi. Hiyo kompyuta moja ni kama kikombe kimoja kinachonywewa na mtaa mzima.

Flashi ya kijana ilipofunguliwa kwenye Windows ilionyesha folda moja tu ya njano, yenye jina la flashi yenyewe. Kwenye kona ya chini kushoto ya ile picha ya folda kulikuwa na mshale mdogo. Na kwenye safu ya ukubwa iliandikwa 2 Ko, yaani kilobaiti 2. Hapo ndipo pa kukazia macho, kwa sababu Windows haiandiki ukubwa wa folda katika safu hiyo, huacha wazi. Kitu chenye sura ya folda lakini kina kipimo si folda, ni njia ya mkato (raccourci), faili ndogo ya kufungulia kitu kingine, na njia ya mkato hubeba amri.

Kinachofanyika ni hiki. Virusi huhamisha faili zako zote na kuziweka ndani ya folda ambayo jina lake ni herufi moja isiyoonekana, kisha huipa alama ya kufichwa na alama ya mfumo ili usiione hata kidogo. Badala yake huweka ile njia ya mkato. Ukiibofya mara mbili, inaendesha programu yao kimyakimya na papo hapo inakufungulia folda ya kweli. Unaona memwari yako ipo, sura zote zipo, huna sababu ya kushtuka. Familia ya virusi iitwayo Andromeda, au Gamarue, ilienea dunia nzima kwa mtindo wa namna hii. Seva zake zilibomolewa na polisi wa nchi kadhaa mwishoni mwa 2017, lakini flashi haihitaji seva ili kuambukiza flashi nyingine.

Wapo wanaoamini bado kwamba kuchomeka flashi kunatosha kuambukiza. Ilikuwa hivyo zamani. Tangu Windows 7, na tangu sasisho la 2011 kwa Windows zilizotangulia, flashi haijiendeshi yenyewe. Lazima mtu abofye, na ndiyo maana wezi walihamia kwenye folda ya uongo.

Sasa angalia kosa la mara mbili zote: kabla ya kufuta laptopu, kijana alihifadhi faili zake kwenye flashi ileile. Baada ya kufuta akaichomeka na kubofya folda.

Kuokoa faili kulifanyika nje ya Windows kabisa. Flashi nyingine, mpya, iliwekwa Linux Mint, mfumo wa bure unaoweza kushika nafasi ya Windows, kwenye kompyuta safi ya jirani, laptopu ikawashwa kutoka kwenye flashi hiyo bila kugusa diski yake. Linux haijali alama za kufichwa za Windows, kwa hiyo folda isiyo na jina ilionekana waziwazi, na njia ya mkato ilionekana kuwa faili ndogo tu isiyoweza kufanya lolote pale. Zilizonakiliwa ni docx, xlsx, pdf na picha. Zilizoachwa bila huruma ni kila faili yenye mwisho wa exe, scr, bat, vbs, js na lnk, pamoja na docm na xlsm ambazo hubeba makro, yaani programu ndogo zilizofichwa ndani ya hati. Jambo dogo linalowapotezea watu muda: mfumo huo ukiwaka husoma kibodi kama ya Kiingereza hadi uchague ya Kifaransa, kwa hiyo kwenye kibodi zetu za AZERTY ukiandika admin unapata qd;in. Kabla hujasema neno la siri limekataa, rekebisha kibodi.

Kompyuta iliyosema "hakuna tishio"

Kompyuta ya mama haikushukiwa na mtu. Antivirusi ya Windows ilikuwa na alama ya kijani, na uchunguzi kamili ulimalizika bila kukuta kitu. Ilikuwa kweli haikukuta kitu, kwa sababu iliamriwa isitazame popote. Katika Windows, sehemu ya ulinzi dhidi ya virusi, chini kabisa ya mipangilio, kuna orodha iitwayo Exclusions: mahali ambapo antivirusi haichungulii. Orodha ya kompyuta hii ilikuwa na mstari mmoja: C:\. Diski yote.

Mstari huo uliandikwa na programu ya kuhalalisha Windows na Office bila leseni, ile ambayo aliyeuza kompyuta aliiweka kama zawadi. Maelekezo ya programu hizo karibu yote huanza na "zima antivirusi kwanza", na mtu akishakubali hilo, kilichomo ndani kinaingia na kujiandikia ruhusa ya kudumu. Tunalisema hili kwa uzito kwa sababu tunajua leseni ina bei na wengi hawana namna: nakala ya namna hiyo si bure. Katika nyumba hii malipo yalikuwa akaunti ya Facebook na nusu ya kifurushi cha kila mwezi.

Nusu ya kifurushi ilikwendaje? Programu iliyokuwa imejificha humo iligeuza nyumba kuwa njia ya kupitishia mawasiliano ya watu wengine. Mtu aliye mbali anatuma maombi yake kwenye tovuti kupitia intaneti ya mama, ili aonekane anatoka Lubumbashi, nyumbani kwa raia wa kawaida. Biashara hiyo ipo na ina wanunuzi. Dalili yake ni data inayopandishwa kuwa karibu sawa na inayoshushwa, hata saa nane za usiku. Nyumba inayotazama video na kusoma WhatsApp hushusha mara nyingi zaidi kuliko inavyopandisha. Kwenye ruta kuna ukurasa wa takwimu; andika namba mbili hizo kabla ya kulala na asubuhi.

Ni haki kuongeza kwamba si kila mega inayopotea imeibwa. Masasisho ya Windows peke yake yanaweza kumeza GB kadhaa kwa mwezi, na Windows inaweza kuwapandishia kompyuta nyingine sehemu za masasisho hayo. Weka Wi-Fi ya nyumbani kuwa muunganisho wenye kikomo, connexion limitée, na uzime ugawaji wa masasisho, kabla hujaanza kumshuku mtu.

Kompyuta hiyo ilikuwa pia na folda ya ankara iliyofunguliwa kwa wote mtandaoni, bila neno la siri, kila mtu akiwa na haki ya kuandika. Ilifanywa hivyo ili kijana aweze kumsaidia mama kutoka kwenye laptopu. Njia ya mkato ya uongo ilikutwa humo pia. Kwa hiyo hata laptopu ingesafishwa na flashi kutupwa, siku ya kwanza ya kusaidia ankara ingetosha.

Kompyuta zote mbili ziliwekwa mfumo upya kutoka kwenye flashi iliyotengenezwa kwenye mashine safi. Kwa Windows, zana ya Microsoft inadai flashi ya GB 8 au zaidi, na upakuaji wake unapita GB 5, kwa hiyo ni kazi ya kufanyia kwenye intaneti isiyohesabu mega. Wakati wa kuweka, sehemu zote za diski zilifutwa, pamoja na ile ya ukarabati, badala ya kubofya tu "rudisha kompyuta hii". Laptopu ilinunuliwa na Windows ya kiwandani, na leseni yake imo kwenye ubao mama, hivyo haikuuliza ufunguo. Ya mezani ilikuwa ya Windows 10, ambayo Microsoft iliacha kuihudumia kwa kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, na kichakataji chake ni cha zamani mno kwa Windows 11. Iliwekwa Linux Mint kwa Kifaransa, na ankara zikafunguliwa kwa LibreOffice. Mpangilio wa ankara mbili ulivurugika kidogo, ukanyooshwa kwa mkono. Kwa mashine inayofanya hesabu, barua na kuchapisha, hilo ndilo tungelichagua popote, kuliko kuendelea na Windows isiyopata viraka na iliyohalalishwa kwa wizi.

Ruta: jaribio la dakika moja

Simu ya mama iko kwenye Wi-Fi ya nyumbani. Ukurasa wa habari unafunguka na kamari juu yake. Zima Wi-Fi, tumia mega za simu yenyewe, fungua ukurasa uleule: safi. Washa Wi-Fi: kamari. Simu haikubadilika, ukurasa haukubadilika. Kilichobadilika ni njia tu. Baada ya jaribio hili hakuna sababu ya kuendelea kusakinisha antivirusi kwenye simu.

Kulikuwa na simu moja, ya binti, ambayo haikuwahi kuona kamari hata ikiwa kwenye Wi-Fi. Mtu alikuwa amemwekea DNS binafsi kwa jina, mpangilio ulioko kwenye Android tangu toleo la 9. Simu hiyo ilikuwa haiulizi ruta chochote kuhusu anwani, na hapo ndipo siri ilipo.

Kila unapoandika jina la tovuti, chombo chako humuuliza mtu: hili jina lina anwani gani? Anayejibu ni seva ya DNS, na anayeviambia vyombo vyote vya nyumba wamuulize nani ni ruta. Ukimbadilisha anayejibu, unaiongoza nyumba nzima bila kugusa simu hata moja. Kwenye ukurasa wa DHCP wa ruta hii, ule unaovigawia vyombo anwani, ziliandikwa anwani mbili za DNS ambazo si za kampuni ya simu wala za huduma yoyote inayojulikana. Kwenye Windows, amri ya ipconfig /all ilizionyesha pia. Lakini usitegemee amri hiyo peke yake: ruta nyingi hujitaja zenyewe kuwa DNS, ukaona 192.168.1.1 na kuridhika, kumbe ruta ndiyo inayouliza mahali pabaya. Ingia kwenye ruta yenyewe, tazama ukurasa wa DHCP na ule wa muunganisho wa nje.

Nani aliandika? Kampuni za simu kwa kawaida huwaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja ya pamoja, kwa hiyo si rahisi mtu wa mbali kuja kubisha kwenye ruta yako moja kwa moja. Mwizi huyu alikuwa ndani tayari. Programu iliyomo kwenye laptopu ilifungua 192.168.1.1, ikajaribu admin na admin, ikaingia. Jina na neno hilo ndivyo vilivyoandikwa kwenye karatasi iliyobandikwa chini ya ruta, na hakuna aliyevibadilisha tangu siku ya kununua. Kazi ya sekunde chache, na kuanzia hapo laptopu inaweza kufutwa mara mia. Mbinu yenyewe si ngeni. Kundi la DNSChanger, ambalo FBI ya Marekani ilitangaza kulivunja Novemba 2011, lilikuwa limepotosha DNS za kompyuta zaidi ya milioni 4, na seva za muda zilizowekwa kuwasaidia walioathirika zilizimwa tarehe 9 Julai 2012.

Watu huuliza kama aliyeshika DNS ameona pia maneno ya siri. Kwa tovuti za https, ambazo mawasiliano yake yamefungwa kwa siri, hapana, si kwa njia hiyo peke yake: akikupeleka kwenye seva yake, kivinjari kitatoa onyo kwamba cheti si sahihi. Anachoweza ni kukubadilishia kurasa za http, zisizofungwa, kukuonyesha matangazo yake, kukuzuilia masasisho ya antivirusi, na kungoja siku utakayochoka na kubofya "endelea hata hivyo". Onyo hilo lilitokea nyumbani humo mara kadhaa. Lilichukuliwa kuwa intaneti mbaya.

Kuirudisha ruta mikononi kulikwenda hivi. Kwanza laini ya simu ilitolewa ndani yake, kwa sababu ruta iliyorudishwa kiwandani huwa na admin ileile ya karatasi na haifai kuwa hewani hata dakika moja. Vyombo vyote vilizimwa Wi-Fi. Kitufe kidogo cha nyuma kilibonyezwa kwa ncha ya klipu ya karatasi, kama sekunde 10, hadi taa zote zikazima na kuwaka. Laptopu iliyokwisha kusafishwa iliunganishwa kwa waya, neno la siri la msimamizi likabadilishwa mara moja, ndipo laini ikarudishwa. Kisha programu dhibiti ya ruta (firmware), ile inayoiendesha, ikasasishwa.

Hapo kwenye kusasisha pana hatari ambayo vitabu vya nchi nyingine havitaji. Umeme ukikatika ruta inapoandika programu dhibiti, inaweza kufa moja kwa moja. Kwa hiyo usifanye kazi hiyo kwa umeme wa SNEL mtupu. Tumia onduleri, kifaa cha betri kinachoshikilia umeme ukikatika, au betri: ruta nyingi za nyumbani hutumia volti 12, na betri ya sola ya volti 12 inaweza kuzilisha. Soma kwanza adapta: volti, ampea, na mchoro mdogo unaoonyesha kama chanya iko katikati ya pini. Kumbuka pia kwamba betri iliyo kwenye chaji hupanda hadi volti 14 na zaidi. Ichomoe kwenye chaja au pitisha kwenye kidhibiti. Kusasisha kunakuwa dakika tano hadi kumi. Usiguse kitu.

Baada ya hapo: WPS, njia ya kuunganisha Wi-Fi kwa PIN, ikazimwa. PIN yake ina tarakimu 8, lakini ya mwisho ni ya kuhakiki tu na ruta huzikagua kwa vipande viwili, hivyo majaribio hayazidi 11,000. Udhaifu huu unajulikana tangu 2011. UPnP, inayoruhusu programu kujifungulia milango ya ruta zenyewe, ikazimwa. Usimamizi kutoka nje ukazimwa. DNS ikawekwa 9.9.9.9 ya Quad9, ambayo hukataa majina ya tovuti zinazojulikana kuwa za virusi, na ya pili 149.112.112.112 ya huduma hiyohiyo. Kuweka ya pili ya huduma nyingine isiyochuja ni kujidanganya, maana chombo kinaweza kuuliza yoyote kati ya hizo mbili.

Neno la siri la Wi-Fi lilikuwa namba ya simu ya baba. Nyumba nyingi ziko hivyo, basi tuhesabu. Namba ina tarakimu 10, lakini tatu za mwanzo ni za kampuni na kila mtu anazijua. Zinabaki 7, yaani uwezekano milioni 10 kwa kila mwanzo wa namba. Kadi nzuri ya michoro hujaribu maneno ya WPA2, ulinzi wa kawaida wa Wi-Fi, laki kadhaa kwa sekunde. Ni kazi ya dakika moja au chini ya hapo, na jirani wala hahitaji kadi hiyo. Anayo namba ya baba kwenye simu yake. Ukurasa wa ruta ulionyesha vyombo 14 badala ya 9. Watano hao walikuwa watoto wa parseli za karibu, hawana ubaya, lakini simu zao nazo zilikuwa zikiulizia DNS palepale.

Sasa kuna mitandao miwili. Mkuu una kompyuta, simu za wenyeji na printa, kwa WPA2 ya AES na maneno matano ya kawaida yaliyounganishwa, yasiyohusiana. WPA3, ulinzi mpya zaidi, ya mchanganyiko ilijaribiwa, simu moja ya zamani ikagoma, ikarudishwa WPA2. Wa wageni una televisheni, kamera na watoto wa jirani, wenye kutengwa ili chombo kimoja kisikione kingine. Printa iliwekwa kwanza kwa wageni, na hakuna simu iliyoweza kuchapisha. Kutengwa kulikuwa kunafanya kazi yake. Ikahamishwa.

Mlango wa nne, na maneno ya siri

Laptopu ilipowekwa upya mara ya kwanza, kijana aliingia kwenye Chrome kwa akaunti yake ya Google, na alamisho zake zote zikarudi. Kikarudi pia kiendelezi kimoja cha "kubadilisha pdf" alichokuwa hakukiweka yeye. Sawazisho la Chrome (synchronisation) hufanya lilichoambiwa: huleta kila kitu, kizuri na kibaya. Dawa ni kufuta viendelezi usivyovijua, kisha kwenda kwenye ukurasa wa data iliyosawazishwa wa akaunti na kuifuta huko Google, ndipo uwashe sawazisho tena ukiwa na chaguo la viendelezi limezimwa.

Kuhusu Facebook ya mama, neno la siri lilibadilishwa siku ya kwanza kabisa, na jioni hiyo akaunti ikaendelea kuomba pesa. Sababu ni mbili. Lilibadilishwa kwenye kompyuta yenye ugonjwa, mbele ya programu inayosoma kibodi na maneno yaliyohifadhiwa kwenye kivinjari. Na hata lingebadilishwa pengine, mwizi hakuwa akitumia neno la siri. Alikuwa na vidakuzi. Hizo ni faili ndogo ambazo kivinjari hutunza ili usiombwe neno la siri kila saa. Akizinakili, anaingia kama mtu aliyekwisha kuingia, na hata namba ya uthibitisho kwa SMS haiulizwi. Kinachomtoa ni kufunga vikao vyote.

Kazi hii ilifanywa kwa simu ya binti, Wi-Fi ikiwa imezimwa, kabla ya kugusa kompyuta yoyote. Barua pepe ilitangulia, kwa sababu kila akaunti nyingine ikisahau neno la siri hutuma kiungo huko. Ndani ya Gmail ilikaguliwa orodha ya vyombo na namba ya kurejesha akaunti, na pia ukurasa ambao watu huusahau: uelekezaji na vichujio. Kulikuwa na kichujio kilichokuwa kikitupa kwenye pipa kila ujumbe wenye neno Facebook, ndiyo maana mama hakuona onyo hata moja. Kisha Facebook: neno jipya, toka kwenye vyombo vyote, uthibitisho wa hatua mbili. Kisha WhatsApp, sehemu ya Appareils connectés: kulikuwa na kivinjari kimoja asichokijua mtu, kikaondolewa, na PIN ya tarakimu 6 ikawekwa. PIN ya pesa za simu nayo ilibadilishwa, kwa kuwa mama aliitumia hiyohiyo kama mwisho wa maneno yake mengine ya siri.

Wiki mbili za kutazama

Vyombo vilirudishwa kimoja kimoja, siku moja au mbili kati yao, si vyote usiku mmoja. Kila jioni iliandikwa data iliyotumika. Wakati wa ugonjwa nyumba ilikuwa ikila zaidi ya GB 3 kwa siku. Kompyuta mbili na simu zote zikiwa zimerudi, ilibaki chini ya GB 1, isipokuwa Jumapili moja ya mpira iliyofika 2.6, na ilieleweka. Kamera iliporudi, data inayopandishwa ikapanda usiku. Ilikuwa ikituma picha kila mti wa getini ukitikiswa na upepo. Unyeti wake ulipunguzwa, na neno la siri lake la kiwandani likabadilishwa. Kamera za aina hiyo, zilizoachwa na maneno ya kiwandani, ndizo zilizokuwa jeshi la Mirai mwaka 2016.

Kwa flashi, utaratibu umebadilika. Memwari inatumwa sekretariati kwa barua pepe ikiwa pdf. Pale ambapo hawana intaneti, ipo flashi moja ndogo ya kuchapishia tu, yenye pdf moja na si kingine, na ikirudi inafutwa kwenye kompyuta ya mama ya Linux kabla ya kwenda popote. Kwenye laptopu, Windows imeambiwa ionyeshe miisho ya majina ya faili na faili zilizofichwa. Kijana alimweleza pia mwenye sekretariati, kwa upole na bila watu kusikia, akamwonyesha mshale na zile 2 Ko kwenye kompyuta yake mwenyewe. Mzee alikuwa akiziona kila siku akidhani ni sura mpya ya Windows. Kompyuta yake ilisafishwa Jumamosi iliyofuata.

Kilichobaki ni kamera. Mtengenezaji wake hatoi tena programu dhibiti mpya, kwa hiyo itaendelea kukaa kwenye mtandao wa wageni, ikiwa imetengwa na vyombo vingine, mpaka inunuliwe nyingine.